Vijana wafundishwe ngozi ya mbuzi na sungura, si kutega kanu na pimbi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie hoja ya msomaji mmoja aliyependekeza hivi karibuni kwamba vijana wa vijiji vya Dodoma na Singida wafundishwe kutega wanyama wadogo wenye manyoya, yaani kanu, nguchiro, pimbi, fungo na wengine wa namna hiyo, kisha wafundishwe kusindika ngozi zao ili wajiajiri. Ndugu yetu huyo alieleza kwamba huko Kanada na Marekani wapo watu wanaoishi kwa kazi hiyo, na kwamba video za kuifundisha zimejaa kwenye simu za vijana. Mimi nilifanya kazi ya ugani wa mifugo katika mkoa huu hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa ni ngozi: kuzikagua, kuzipanga madaraja na kuwabembeleza wachinjaji wasizitoboe. Nusu ya pendekezo lake naiunga mkono kabisa. Nusu ya pili, ikifuatwa kama ilivyoandikwa, itawapeleka vijana wetu mahakamani, na hata wasipokamatwa haitawapa ngozi ya kuuza.

Nianze na hilo la ngozi ya kuuza, kwa kuwa ndilo ambalo video hazilisemi. Ngozi ya manyoya inayopata bei ya maana ni ngozi ya majira ya baridi. Katika nchi za kaskazini, siku zinapofupika na baridi inapoingia, wanyama kama biva (mgugunaji mkubwa wa mitoni), minki (mnyama mdogo mwenye umbo kama la nguchiro) na mbweha huota manyoya mafupi, laini na yaliyosongamana chini ya yale marefu ya juu, na hayo ya chini ndiyo yanayomtunzia mnyama joto na ndiyo anayoyalipia mnunuzi. Ndiyo maana msimu wa kutega huko kwa kawaida huangukia miezi ya baridi, kuanzia Novemba hivi, na hufungwa kabla manyoya hayajaanza kupukutika. Ngozi iliyochunwa mapema mno huwa haijifichi: ukiigeuza, upande wa nyama una rangi ya bluu iliyokolea badala ya weupe, ishara kwamba nywele zilikuwa bado zinakua, na hushushwa daraja hapo hapo. Sisi Dodoma tuna kipupwe cha Juni na Julai kinachotuvalisha masweta asubuhi, lakini hatuna baridi ya kumfanya kanu au nguchiro aote manyoya ya namna hiyo. Pimbi wa kwenye majabali yetu ana nywele fupi na kavu, zenye singa ndefu zilizotawanyika huku na huku, na ngozi yake hata ikisindikwa na fundi hodari haiwezi kushindana na ngozi ya sungura wa kufugwa. Kijana anayeangalia video ya mtegaji wa Kanada anajifunza biashara ya theluji mahali ambapo theluji haipo.

Na huko kwenye theluji nako biashara yenyewe inasinyaa. Ni kweli kwamba manyoya yaliwahi kujenga utajiri mkubwa. Kampuni ya Hudson's Bay ilianzishwa mwaka 1670 kwa ajili ya biashara hiyo hasa, na manyoya ya biva yaligeuzwa kofia za mabwana wa Ulaya hadi mnyama huyo akaadimika katika sehemu nyingi za Amerika ya Kaskazini. Lakini mambo yamebadilika. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 1991 kanuni ya kupiga marufuku mitego ya chuma inayobana mguu, na mwaka 2019 jimbo la California, Marekani, likapiga marufuku kutega wanyama kwa ajili ya manyoya. Mwaka 2020 Denmark, iliyokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa minki duniani, iliwaangamiza minki wake wote wa kufugwa kwa hofu ya virusi vya korona. Katika jimbo la Louisiana, huko huko Marekani, kuna mnyama aitwaye nutria, mfano wa panya mkubwa wa majini, aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini katika miaka ya 1930 ili afugwe kwa manyoya yake. Leo anaharibu vinamasi na majani ya pwani, na Serikali ya jimbo humlipa mtegaji dola 6 kwa kila mkia anaouleta. Analipwa kwa mkia, Mhariri, si kwa ngozi, kwa kuwa soko la ngozi peke yake halikutosha tena kumtoa mtegaji nyumbani.

Tena mtegaji wa huko haendi porini anavyotaka. Katika majimbo mengi ya Kanada hupita kwanza kwenye mafunzo, akakata leseni, akapewa eneo lake, akafuata msimu wa kila mnyama, na mitego anayotumia ni ile iliyopimwa kwa viwango ambavyo nchi yake ilikubaliana na Umoja wa Ulaya mwaka 1997. Majimbo kadhaa ya Marekani humlazimu mtegaji kukagua mitego yake kila baada ya saa 24. Yote hayo hukatwa kwenye video ya dakika tatu, na kijana wetu anabaki na picha ya kitanzi na mnyama tu.

Kuhusu sheria yetu nitasema kwa ufupi, maana haina utata. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimtazami tembo na simba peke yao. Kuwinda bila leseni ni kosa, na kutega ni kuwinda. Nyaya, mashimo na sumu ni njia zilizokatazwa. Na ngozi ya mnyamapori, hata iwe ndogo kiasi gani, ni nyara, na atakayekutwa nayo bila kibali atatakiwa aeleze ameipata wapi. Kesi za nyara za Serikali huweza kuendeshwa kama uhujumu uchumi, na sidhani kama kuna mzazi wa Chemba au Kondoa, wanaopakana na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, asiyejua familia iliyouza ng'ombe kwa ajili ya kesi ya namna hiyo. Wapo wanaojitetea kwamba siku hizi mabucha ya nyamapori yanaruhusiwa. Ni kweli, kanuni za mwaka 2020 ziliyaruhusu, lakini nyama inayouzwa humo ni ile iliyopatikana kwa leseni na yenye nyaraka zake, si ya kitanzi kilichotegwa usiku.

Kuna jambo jingine kuhusu kitanzi ambalo ningependa vijana walifikirie kama mafundi, wala si kama washitakiwa. Kitanzi cha waya uliochomwa kutoka kwenye tairi bovu hakichagui. Kinamkamata digidigi, kinamkamata mbwa wa jirani, kinamkamata mbuzi aliyepotea kundi. Mnyama anayekamatwa hujirusha usiku kucha, waya ukakata ngozi hadi nyama, na mahali palipokatwa ndipo mara nyingi katikati ya ngozi, ambapo fundi angetaka pawe safi. Akifa saa nane za usiku na mtegaji akafika saa nne za asubuhi, joto la huku kwetu limekwisha kufanya kazi yake: bakteria wameshakula shina la nywele, na ukishika manyoya ya tumboni na kuyavuta kidogo yanatoka yote mkononi. Ngozi ya namna hiyo hairudishwi na chumvi wala dawa. Kwa hiyo hata tukiacha sheria kando, na hata tukiacha huruma kando, mtego wa waya ni njia mbaya ya kupata ngozi.

Wanyama wenyewe wanaozungumzwa wana kazi yao pia. Mondo hula panya kuliko kitu kingine chochote, na kanu na nguchiro nao hawawaachi. Panya shamba, yule mwenye chuchu nyingi, huzaa watoto kumi na zaidi kwa uzao mmoja baada ya mvua nzuri, na mkulima wa Kongwa au Kibaigwa aliyewahi kufukuliwa mbegu za mahindi zikiwa bado ardhini hahitaji kuelezwa maana yake. Kijana anayetaka kweli kujifunza kutega basi aanze na panya wa ghalani, ambako atashukuriwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pale Morogoro, wameshughulika na panya hawa kwa miongo kadhaa na wanaweza kumfundisha mengi kuliko simu.

Halafu kuna maradhi, na hapa sitaki kupita haraka kwa sababu nimeona watu wakiyafanyia mzaha. Mbweha na nguchiro huweza kubeba kichaa cha mbwa, na mnyama aliyebanwa na waya huuma. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, asisubiri kuona kama mbwa au mbweha yule atakufa. Kubwa zaidi ni kimeta. Ugonjwa huu unapatikana nchini, vijidudu vyake hukaa ardhini kwa miaka mingi sana, na mchunaji wa ngozi huupata kwa kidonda kidogo tu cha kidole. Mnyama aliyekufa ghafla, tumbo limevimba upesi, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na sehemu ya haja kubwa, huyo hachunwi wala hapasuliwi. Hutolewa taarifa kwa afisa mifugo, akafukiwa kwa kina au kuchomwa. Chumvi haiui vijidudu vya kimeta. Kuloweka hakuviui. Ngozi ya mnyama wa namna hiyo inayouzwa kimya kimya huusafirisha ugonjwa kutoka kijiji hadi ghala la mnunuzi, na ndiyo sababu wazee wetu waliotukataza nyama ya kibudu walikuwa wanatukataza na ngozi yake pia, ingawa siku hizi wengi wameshika sehemu ya nyama tu.

Sasa nije kwenye nusu ninayoiunga mkono. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na mbuzi zaidi ya milioni 20, na mkoa wa Dodoma ni wa wafugaji na walaji wa mbuzi. Tangu bei ya ngozi ghafi ilipoporomoka, ngozi nyingi zinatupwa. Nenda nyuma ya banda lolote la nyama choma kandokando ya barabara ya Singida au ya Iringa, utaziona zimetandazwa mavumbini, mbwa wanazigombania, au zimerundikwa mpaka zinatoa harufu. Hiyo ndiyo mali ya kijana anayetaka kujifunza ngozi. Haihitaji kitanzi, haina kesi, na mara nyingi mwenye banda atamshukuru kwa kumwondolea uchafu.

Kazi ya ngozi huanza kabla ya mnyama kuchunwa, tena kwenye kisu. Mbuzi aning'inizwe, asichuniwe chini kwenye mchanga. Kata mstari mmoja ulionyooka kutoka kidevuni hadi mkiani kwa upande wa tumbo, kisha mistari ya miguu kwa upande wa ndani, halafu kisu kiwekwe kando na ngozi itolewe kwa ngumi, ukisukuma kati ya ngozi na nyama. Mchinjaji mwenye haraka huendelea na kisu hadi mwisho, na kila anapoteleza anaacha mkato usioonekana upande wa manyoya. Lakini ukija kuisindika ngozi ile na kuivuta, unapasuka. Zaidi ya nusu ya ugomvi wangu na wachinjaji ulikuwa juu ya hiyo mikato, na jibu lao lilikuwa moja siku zote, kwamba wanalipwa kwa nyama. Sikuweza kuwalaumu sana.

Ikishatoka, ngozi iondolewe mafuta na vipande vya nyama, ioshwe damu, ichuje maji, kisha ipigwe chumvi ndani ya saa chache, tusiseme mpaka jioni. Chumvi ya mawe iliyosagwa ni nzuri, na iwe nyingi: theluthi hadi nusu ya uzito wa ngozi, isuguliwe mpaka kwenye kingo na mikunjo ya shingo, maana uozo huanzia pale chumvi ilipokosa. Asiye na chumvi anaweza kuikausha, lakini aiwambe kwenye fremu ya miti, kivulini, upepo upite pande zote mbili. Hapa ndipo jua letu la Dodoma linapotudanganya. Ngozi iliyotandazwa chini kwenye jua la saa saba hukakamaa kwa nje upesi na kuonekana nzuri, kumbe unyevu umefungiwa katikati na unaendelea kuoza. Ukija kuiloweka baada ya mwezi, inafunguka mashimo kana kwamba ilichomwa. Akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme wanaijua tofauti ya ngozi iliyowambwa vizuri na iliyoharibika, kwa kuwa ngoma iliyowambwa ngozi mbovu haitoi sauti.

Kwa anayejifunza, ngozi ya kuanzia ni ya sungura, kwani ni ndogo, ina manyoya, na kosa halimtii hasara. Achukuliwe sungura mkubwa wa miezi sita au zaidi; yule wa miezi mitatu anayeuzwa kwa nyama ana ngozi nyepesi inayochanika na manyoya yaliyo katikati ya kubadilika. Ngozi yake hutolewa nzima, kuanzia miguu ya nyuma kwenda kichwani, kama mtu anavyovuliwa fulana. Loweka katika maji baridi mpaka ilainike, kisha upande wa nyama ubanduliwe ile tando nyembamba inayong'aa. Usiiache tando hiyo hata kipande, kwa kuwa dawa haipiti chini yake.

Dawa yenyewe ni shabu, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili. Yeyusha kiasi cha nusu kilo ya shabu katika lita 4 za maji ndani ya ndoo ya plastiki. Katika chombo kingine yeyusha gramu 120 za soda ya kufulia na robo kilo ya chumvi katika lita 2 za maji. Soda hiyo si ile kali ya kutengenezea sabuni, ambayo ingeichoma mikono yako pamoja na ngozi. Mimina maji ya chombo cha pili ndani ya maji ya shabu polepole sana huku ukikoroga kwa nguvu, maana yatatoa povu. Ngozi ya sungura hukaa humo siku mbili hadi tano, ikigeuzwa kila siku. Kisha isuuzwe, ikamuliwe bila kusokotwa, ipakwe upande wa nyama mafuta kidogo yaliyochanganywa na maji ya sabuni, na ianze kukaushwa kivulini.

Hapo ndipo wanaojifunza kwa video huharibu. Shabu haiifanyi ngozi kuwa laini. Kinacholainisha ni mkono. Ngozi ikiwa imekauka nusu, bado ina ubaridi ukiigusa kwa shavu, ivutwe pande zote na kuburutwa juu ya ukingo wa ubao butu, upande wa nyama ukiangalia ubao, mpaka ule uangavu wake ugeuke weupe. Ikikauka kabla hujamaliza, inyunyizie maji na urudie. Ni kazi ya kuchosha mabega, na wengi huiachia katikati, wakapata ngozi ngumu inayolia ikikunjwa na wakailaumu dawa. Nao wajue mapema kwamba ngozi ya shabu haipendi maji: ikilowa sana, shabu hutoka na ngozi hurudi kuwa ghafi. Inafaa kofia, mto wa kiti au pambo la ukutani; haifai kiatu.

Anayetaka kiatu, mkanda au mkoba aende kwenye ngozi ya mbuzi na magome ya miti. Hii ni kazi ndefu zaidi. Ngozi hulowekwa kwanza katika maji ya chokaa kwa siku kadhaa, ikikorogwa kwa mti, mpaka nywele zisukumike kwa ubao. Macho na mikono vilindwe, kwa sababu chokaa inaunguza. Nywele zikishatoka, chokaa nayo lazima itoke, kwa kuosha mara nyingi na kwa kuloweka katika maji ya pumba yaliyochacha, la sivyo ngozi itakataa dawa. Dawa ni tanini, ile iliyomo kwenye magome ya miti. Wenzetu wa Njombe wana mashamba ya miti ya miwati yaliyoanzishwa tangu miaka ya 1940 kwa ajili ya magome yake, na unga wa tanini unaotokana nayo ndio rahisi kupima. Huku kwetu tuna migunga, na ule ambao maganda yake ya mbegu yamebanwa kati ya punje na punje una tanini nyingi kwenye maganda hayo na kwenye magome yake. Naomba sana mti usichunwe gome kuuzunguka, kwa kuwa utakufa. Maganda yaliyoanguka na matawi yaliyokwisha kukatwa kwa uzio yanatosha.

Siri yake ni kwenda taratibu. Ngozi hutiwa kwanza katika maji mepesi ya magome, yenye rangi ya chai isiyokolea, na kila baada ya siku chache huhamishiwa katika maji mazito zaidi. Mwenye pupa akiitumbukiza moja kwa moja katika maji mazito, sura ya juu itajifunga na ya katikati itabaki mbichi. Kuna njia ya kujua ambayo haidanganyi: kata ukingo mdogo wa sehemu nene ya shingo na uutazame kwa pembeni. Ukiona mstari mweupe katikati ya rangi ya kahawia, irudishe. Mstari ukipotea, imeiva, na kwa mbuzi huwa ni baada ya wiki mbili hadi nne hivi. Vyombo viwe vya plastiki, wala si pipa la chuma, kwa sababu kutu ikikutana na tanini huifanya ngozi kuwa nyeusi kwa mabaka. Kromu, ile dawa ya viwandani inayoipa ngozi rangi ya bluu, isiguswe nyumbani hata kidogo. Maji yake machafu yanahitaji mtambo wa kuyasafisha, na korongo la kijiji si mtambo.

Sitamdanganya kijana yeyote kwamba atatajirika kwa ngozi za sungura. Manyoya ya sungura wa nchi ya joto ni mepesi, na wateja wa kofia za manyoya hapa Dodoma ni wachache. Lakini mkono uliojifunza kwenye sungura unaweza kwenda kwa mbuzi, na mkono unaoweza mbuzi una mahali pa kwenda: Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina kampasi Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi, na kiwanda cha Karanga pale Moshi, kilichozinduliwa mwaka 2020, kinahitaji ngozi zisizo na mikato na watu wanaozifahamu. Tunayo pia Sheria ya Biashara ya Ngozi ya mwaka 2008, yenye madaraja na ukaguzi. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonesha kijana kwa vitendo, karibu na nyumbani kwake, kwa gharama ya ndoo mbili.

Ndiyo maana napendekeza jambo dogo. Kila mwaka mwezi Agosti tunakusanyika Nzuguni kwa maonesho ya Nanenane, na mabanda ya mifugo huwa na fahali wanene, mbuzi wa kisasa na sungura wa kila rangi. Waandaaji watenge banda moja ambamo mbuzi atachunwa mbele ya watu, na pembeni yake ziwepo ndoo zenye ngozi zilizofikia hatua mbalimbali, moja ya jana, moja ya wiki iliyopita, moja iliyoiva, ili mtazamaji ashike mwenyewe. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana watu wa kuliendesha. Wachinjaji wa minada ya Msalato na ya wilayani waalikwe kwanza kabla ya vijana, na ikiwezekana halmashauri ziwalipe kitu kidogo kwa kila ngozi isiyo na mkato, kwa sababu bila hivyo wataendelea kusema kwamba wanalipwa kwa nyama.

Kwa atakayetaka kuanza kabla ya Nanenane, kiangazi ndicho wakati wake, hewa ikiwa kavu na inzi wakiwa wachache. Aombe ngozi ya mbuzi aliyechinjwa asubuhi hiyo, si ya jana, aisugue chumvi kabla ya adhuhuri, na aiache imekunjwa manyoya yakiwa nje mpaka kesho yake, juu ya ubao ulioinama ili maji yachuruzike. Maji yale yakiwa na harufu ya nyama tu, aendelee. Yakinuka uozo, ngozi hiyo aifukie na aombe nyingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa ugani mifugo mstaafu,
Chamwino, Dodoma